Supu Isiyo na Mifupa

Fundi bomba alikuwa ameingia karibu kila jiko la mtaa ule, lakini yote aliyajua kwa chini. Aliweza kukueleza bomba la nani lina kutu na nyuma ya sinki la nani kuna panya. Ila ungemuuliza chumvi inakaa wapi, hata kwenye jiko la nyumbani kwake, angemwita mkewe aje akujibu. Na mkewe sasa hakuwepo. Alifariki mwaka uliopita, mvua zikianza, na tangu hapo Fundi aliishi kwa mkate, mayai, na chochote majirani walichomletea kimefunikwa.

Jumamosi hii aliamka mapema, akanyoa ndevu, akavaa shati jeupe la pasi, akakaa ukingoni mwa kitanda kuwasubiri wanawake wawili waje wampeleke sokoni. Siku hiyo alikuwa apike kwa mara ya kwanza maishani mwake, na watakaokula walikuwa watu wagumu kweli.

Watu hao walijiita Walaji. Walikutana kila baada ya miezi mitatu katika chumba cha nyuma cha duka la mikate, mmoja akipika, wengine wakila. Hawakuwa na sare, hawakuwa na wimbo, hawakuwa na jambo lingine lolote. Walipenda kula tu, na jambo hilo walilibeba kwa uzito ambao wengine huuweka kwenye siasa.

Kila Mlaji alileta kiti chake kutoka nyumbani, kikakaa pale moja kwa moja. Na kulikuwa na sheria moja kubwa: hakuna kusifia chakula kwa mdomo. Sheria hiyo ilikuja baada ya watu kusifia keki moja na kuisahau nyingine iliyokuwa palepale mezani, wenye keki wakafikia hatua ya kuvuka barabara ili kukwepana wakionana. Tangu hapo mdomo ukabaki kuwa wa kulia chakula tu. Ukikipenda chakula, unanyanyua sahani yako, au bakuli kama ni supu, unaongezewa. Usipokipenda unaiweka chini, unashukuru, yanaisha.

Mke wa Fundi alikuwa Mlaji wa siku nyingi, na kiti chake bado kilikuwa kule. Sheria ilisema kiti kikikaa mwaka mzima bila mtu, kinarudishwa kwao. Ndugu wa marehemu anaweza kukirithi, lakini kwa jasho lake: apike mwenyewe, na angalau mtu mmoja mezani anyanyue chombo chake. Marafiki wawili wanaruhusiwa kumsindikiza sokoni na kusimama naye jikoni, ila wasiguse mwiko, moto wala chumvi, na vyombo vyao hao wawili havihesabiwi.

Mwaka ulikuwa unaisha jioni hiyo. Asiponyanyua mtu, Fundi angebeba kiti cha mkewe kichwani akarudi nacho nyumbani.

Mkunga, mmoja wa wanawake wale wawili, alikuwa amemuuliza kwa nini anajitesa hivyo. Fundi hakuwa mtu wa kueleza mambo ya namna hiyo, lakini Mkunga huwa anauliza kwa upole mpaka unajikuta umeshajibu. "Nimekaa naye kila mahali isipokuwa pale," alisema. "Alikuwa akirudi anacheka. Namuuliza mmecheka nini, ananiambia ungekuwepo. Sasa na mimi nataka niwepo."

Mkunga akaahidi kumsindikiza sokoni.

Wa kwanza kugonga mlango alikuwa Msusi. Huyu alikuwa na saluni pale kona, na sauti yake ilifika mahali kabla yake. Alimwita Fundi shemeji tangu siku ya harusi, ingawa hakuwa na undugu wowote na bibi harusi zaidi ya kumsuka.

"Shemeji, umependeza. Unakwenda kupika au kuposa?"

"Kupika."

"Basi leo shati hilo tuliage."

Mkunga alifuata na kikapu, polepole. Alikuwa amestaafu baada ya kuzalisha nusu ya mtaa, na katika hao wote hakuona hata mmoja aliyefika mapema kwa sababu ya kuharakishwa. Alimtazama Fundi usoni.

"Umekula?"

"Bado, dada."

"Mtu haendi sokoni na njaa. Atanunua kila kitu." Akatoa ndizi kikapuni, akampa, akasimama pale mlangoni mpaka alipoimaliza, kisha akapokea ganda.

Njiani hawakuwa na ubishi wowote. Fundi alisema atapika supu ya kuku ya mkewe, ile ya Jumapili, na wote wawili wakakubali kwamba hakuna kingine cha kupika. Kila aliyewahi kupita nyumba ile siku ya Jumapili aliijua ile supu. Ubishi ulianzia kwa muuza mboga, Msusi alipookota pilipili na ndimu.

"Hizo za nini?" Mkunga aliuliza.

"Za supu."

"Supu ipi?"

"Yake. Si ilikuwa kali mpaka jasho linatokea puani? Na ndimu juu. Nilikuwa nikitoka pale naona dunia nzima vizuri."

"Haikuwa na pilipili hata chembe," Mkunga alisema. "Mimi nina vidonda vya tumbo. Ningekuwa nimeshakufa, tena mlangoni kwake. Ilikuwa nzito, imepondewa viazi ndani."

"Viazi?" Msusi alimgeukia muuza mboga kama anaita shahidi. "Mama, umewahi kuona viazi kwenye supu ya kuku?"

Muuza mboga alikuwa na fungu kubwa la viazi mbele yake. "Vinapendeza sana," alisema.

"Dada, mimi nimekula supu ile tangu sijaolewa."

"Na mimi nimeila tangu wewe unajifunza kusuka kwa kuharibu vichwa vya watu."

"Dada. Usinivunjie heshima mbele ya nyanya."

Walinunua pilipili, ndimu na viazi, kila mmoja akivitazama vya mwenzake kwa huruma. Kisha wakakumbuka kuwa mwenye nyumba yupo nao, amesimama kimya anashika karoti mojamoja na kuzipima unyoofu.

"Shemeji, wewe ndiye uliyekuwa ndani," Msusi alisema. "Ilikuwaje?"

Fundi alifikiri. "Laini," alisema. "Karoti. Na haikuwa na mifupa."

"Haikuwa na nini?"

"Mifupa. Kuku wake hakuwa na mifupa."

Wanawake walitazamana. Kwa mara ya kwanza tangu pilipili, walikuwa kitu kimoja.

Kwa muuza kuku palikuwa na foleni fupi. Ilipofika zamu yake, Fundi aliagiza kwa heshima kabisa, kama mtu anayeagiza koki ya saizi fulani: "Naomba kuku asiye na mifupa."

Muuza kuku alikuwa mtu mzima mwenye aproni ndefu ya plastiki. Alikiweka kisu chini kwanza. "Mzee, huyo asiye na mifupa anatembeaje?"

"Mke wangu alikuwa ananunua hapa."

"Mkeo nilimfahamu. Pole sana, baba. Alikuwa ananunua mwenye mifupa kama binadamu wengine."

"Una hakika?"

"Tena alikuwa anamchagua mzee, mwenye mifupa migumu. Alisema ladha yote iko mle."

Fundi alisimama vilevile anavyosimama mbele ya ukuta uliolowa, akijua bomba haliko upande ule. Msusi alifungua mdomo aseme kitu. Mkunga alimkanyaga mguu kidogo tu, akaufunga.

"Basi nipe mzee," Fundi alisema.

Muuza kuku alimchagua, akamsafisha vizuri kuliko kawaida, na alipofunga akatia shingo na maini ya kuku mwingine katika karatasi ileile. Wakati wa kulipa hakuyataja.

Jiko la Fundi lilikuwa dogo, la mtu mmoja na nusu. Msusi alipewa stuli karibu na mlango, na kwa kuwa alijijua, akaikalia mikono yake mwenyewe. Mkunga alisimama dirishani, mikono nyuma.

"Wewe huoni taabu kukaa tu?" Msusi alimuuliza.

"Nimezoea. Maisha yangu yote ni kusimama pembeni namwambia mwingine asukume."

Fundi alikwangua karoti kama anavyokwangua kutu, kwa pande zote, mpaka zikabaki nyembamba kama kalamu. Kitunguu kilimliza, akakisogeza mbali, akakikata kwa mikono iliyonyooshwa. Msusi alifumba macho. Kuku aliingia sufuriani, maji yakaingia, moto ukawaka, na chumvi ikaonekana baada ya makabati matatu kufunguliwa.

"Nitie kiasi gani?"

"Kiasi," Mkunga alisema.

Akatia. "Halafu?"

"Onja."

Akaonja.

"Ikoje?" Msusi aliuliza.

"Ya moto."

Wakati kuku akichemka ulifika uamuzi mgumu. Kwenye meza kulikuwa na pilipili na ndimu upande huu, viazi upande ule, na wanawake wawili ambao kila mmoja alikuwa ameila supu ile kwa mdomo wake. Fundi hakutaka kumwita yeyote mwongo. Akachukua simu, akampigia binti yake aliyeolewa mji mwingine.

"Mama alikuwa anatia nini kwenye supu ya Jumapili?"

"Baba, unapika? Kaa mbali na gesi."

"Alitia nini?"

"Ilikuwa majimaji tu, na majani ya kitunguu juu. Kitunguu chenyewe hapana, mimi sikipendi. Alitoa chote. Baba, nani yuko hapo na wewe?"

"Shangazi zako wawili."

"Basi sawa. Waambie wasiondoke."

Fundi aliweka simu mezani. Supu sasa zilikuwa nne pamoja na yake, na hakuna hata mbili zilizofanana. Alikaa akitazama sufuria. Kisha akainuka, akafungua kabati la chini, lile alilokuwa analijua vizuri kwa sababu bomba lilipita nyuma yake, akaanza kutoa visufuria vidogo. Vilikuwa vimepangwa kimoja ndani ya kingine. Akavipanga mezani.

"Mimi ndiye niliyekuwa naosha vyombo," alisema.

Akavihesabu kwa kidole.

"Kila Jumapili. Sufuria kubwa moja, na hivi vyote. Nilimwambia, mama watoto, supu moja vyombo vyote hivi vya nini? Akaniambia, we osha tu." Akagusa kisufuria cha kwanza. "Alikuwa anaigawa. Anapika moja, halafu anamchotea kila mtu yake pembeni, anamwekea vyake."

Msusi aliangalia nje ya dirisha kwa muda, ingawa kule hapakuwa na kitu zaidi ya kamba ya nguo ya jirani.

"Kwa hiyo hakuna aliyedanganya," Mkunga alisema.

"Hakuna."

"Hata kwenye viazi," Mkunga aliongeza, akimtazama Msusi.

"Nimesikia, dada."

"Na mifupa?" Fundi aliuliza. Aliuliza akitazama kisufuria.

Mkunga alisogea kutoka dirishani. "Unakumbuka ulivyokwamwa na mfupa? Kwenye sherehe ya mdogo wako. Tukakupiga mgongoni mpaka ukatapika kwenye viatu vya bwana harusi."

"Nakumbuka."

"Kesho yake alitaka kukutolea mifupa, ukamwambia wewe si mtoto. Ukapiga na meza. Basi akawa anaitoa kabla hujaiona. Aliniambia mwenyewe. Nikamwambia siku moja atagundua. Akasema, huyo? Huyo atafikiri kuku wamebadilika."

Fundi alikubali kwa kichwa. Ndivyo alivyofikiri, tena kwa miaka mingi. Alikuwa hata amemsifia muuza kuku kwa watu.

Supu ilichemka. Msusi alitoa mkono mmoja alioukalia, akakumbuka, akaurudisha. "Basi shemeji, jambo limekwisha. Nawe gawa. Sisi tunawajua Walaji wote. Mwokaji anapenda chumvi kidogo, yule wa duka la vitambaa anapenda..."

"Mnawajua ninyi," Fundi alisema. "Mimi simjui hata mmoja. Nikipika mnachokijua ninyi, mtakuwa mmepika ninyi."

"Nani atajua?"

"Mimi."

Msusi alimtazama Mkunga apate msaada, akakosa. "Kwa hiyo utapika ipi?"

"Ile niliyokula."

Akazima moto, akamtoa kuku akamweka kwenye sinia, akatandika gazeti mezani. Kisha akakaa, akavaa miwani yake ya kazini, akaanza kutoa mifupa. Sasa hapo ndipo ungemwona Fundi. Mtu aliyekuwa anakiogopa kitunguu alitulia kama amekaa chini ya sinki la mtu. Kila mfupa alioutoa aliulaza gazetini mahali pake, wa paja upande wa paja, wa bawa upande wa bawa, kama anavyopanga nati za koki aliyoifungua ili zisipotee. Mwisho wa kazi palikuwa na kuku mzima wa mifupa amelala kwenye kurasa za michezo. Fundi alimkagua, akaona kwenye mbavu pana pengo. Akarudi kwenye nyama, akaipapasa mpaka akaupata ubavu uliobaki, mwembamba kama sindano. Akaulaza mahali pake.

Ilichukua muda mrefu sana. Msusi alilalamikia mgongo, kisha akaacha kulalamika. "Kila Jumapili?" aliuliza hatimaye. "Hivi alikaa anafanya hivi kila Jumapili?"

Mkunga alisema, "Alinawa, akavaa kitambaa kichwani, akatuletea mezani, akatuuliza habari za watoto."

Nyama ikarudi sufuriani na karoti zile nyembamba. Msusi aliruhusiwa kuonja kwa kuwa kuonja hakukukatazwa. Alionja, akasubiri, kana kwamba ladha iko njiani.

"Shemeji, nakupenda kama kaka yangu. Hii ni supu ya mgonjwa."

"Ndiyo niliyokula."

"Wale watu wanapika na tangawizi hata chai ya watoto. Hakuna atakayenyanyua bakuli kwa hii. Tia pilipili moja tu. Nzima, usiipasue. Ielee."

"Haikuwa na pilipili."

"Kiti kitarudi."

Fundi aliufikiria mlango wa nyumba yake na kiti kinavyoingia. Akafunika sufuria. Kisha akachukua kwenye boksi lake la kazi ule utepe mweupe wa kuzibia nyuzi za mabomba, akauzungusha kwenye kifuniko, kwa kuwa supu ilikuwa itembee. Haikumwagika hata tone. Katika mambo yote ya siku ile, hilo ndilo alilokuwa na uhakika nalo.

Walaji walikuwa wameshakaa. Chumba cha nyuma cha duka la mikate kilinuka hamira, meza ilikuwa ndefu, viti vya kila aina. Kiti cha mkewe kilikuwa karibu na mlango, kitupu, kimefutwa vumbi. Mwokaji, mama mwenye duka, ndiye aliyekuwa akikifuta kila asubuhi anapofuta vyake.

Mwenyekiti alikuwa karani wa mahakama mstaafu, mrefu, mkavu, aliyesema kila kitu kama anakisoma. Tangu kundi lianze hakuwahi kunyanyua sahani kwa ajili ya chakula cha mtu yeyote. Watu waliamini ana ulimi mkali sana, na wapishi wengine walikuwa wanamwota.

"Mpishi ni mume wa marehemu mwenzetu," alisema. "Amesindikizwa na wawili, nao watatunza mikono yao. Tule."

Fundi aligawa supu mwenyewe, akasimama ukutani. Vikasikika vijiko tu. Walaji walikula kwa adabu. Yule wa duka la vitambaa aliitafuta tangawizi kwa kijiko mpaka chini, hakuiona. Mmoja akanusa. Mwingine alitazama bakuli la jirani kuhakikisha wamepewa kitu kimoja. Msusi alikula yake yote kwa sauti, huku akiwatazama watu kama askari, ikawa haisaidii. Mwokaji alishika bakuli lake, Fundi akavuta pumzi, kumbe anaondoa mkate uliodondokea pembeni.

Bakuli moja moja likawekwa chini.

"Tunashukuru," alisema mmoja.

"Tunashukuru," wakasema wengine.

Fundi alijibu, "Asanteni kwa kula." Hakutazama upande wa kiti. Akakusanya mabakuli yote kwa mpangilio, makubwa chini, akaingia nayo kwenye jiko dogo la nyuma, akafunga mlango kwa kisigino. Alichokuwa anakijua baada ya chakula ni kuosha, basi akafungua maji akaanza kuosha.

Alikuwa kwenye bakuli la tatu mlango ulipofunguka. Mwenyekiti aliingia, akaurudishia taratibu. Mkononi alikuwa na bakuli lake, ambalo Fundi hakuligundua kuwa limekosekana.

"Imebaki?" Mwenyekiti aliuliza.

"Imebaki."

Mwenyekiti alilinyanyua bakuli. Fundi akachota, akamjazia. Mwenyekiti hakuondoka. Alisimama akilitazama bakuli, akatazama mlango, akamtazama Fundi, na uso wake ukawa wa mtu anayetaka kuomba ruhusa na hajui kwa nani.

"Nina meno ya kuweka," alisema. "Ya juu na ya chini. Hayatafuni, yanaonekana tu. Nyama ya mfupa inanisumbua. Kwa kawaida nikiwa bado na hamu, taya limeshachoka. Watu wamesema nina ulimi mkali. Sikuwakatalia."

"Hakuna mfupa humo," Fundi alisema.

"Nimeona. Niliutafuta kila kijiko. Nikafika chini bado naogopa, sikufaidi hata kidogo. Sasa nataka kuila bila kuogopa. Na bila..." Akagusa shavu.

Fundi hakumwambia kanyanyue mezani. Wazo hilo lilimjia, tusidanganyane, tena lilimjia na kiti chake kabisa. Lakini mtu alikuwa na njaa na aibu kwa wakati mmoja, na hayo mawili yakikutana si vizuri kumwongezea la tatu. Akavuta stuli, akaifuta kwa mkono wa shati, akaisogeza. Kisha akampa mgongo, akafungua maji kwa nguvu ili yapige kelele, akaosha bakuli lilelile kwa muda mrefu mpaka likawa safi kuliko lilivyonunuliwa.

Nyuma yake alisikia leso ikikunjuliwa. Halafu akasikia mtu anakula.

Aliposikia kijiko kimegonga chini alihesabu pumzi chache, akafunga maji. Mwenyekiti alikuwa ameshasimama, meno mahali pake, bakuli tupu mkononi.

"Asante, Fundi."

"Asante kwa kula."

Wakatoka pamoja. Mezani walikuwa wanazungumza chinichini, na Msusi alikuwa ameegemea kiti cha marehemu kama mtu aliyepanga kukikatalia.

Mwenyekiti alibaki amesimama. "Kuna bakuli limenyanyuliwa," alisema.

"Lini?" aliuliza yule wa duka la vitambaa.

"Sasa hivi. Jikoni."

"Sheria inasema mezani."

"Sheria inasema linyanyuliwe. Niliiandika mimi. Mahali sikutaja."

"Na bakuli la nani?"

Mwenyekiti alitazama juu, kwenye taa. Watu walimtazama yeye. Kidevuni kwake palikuwa na kipande cha karoti, chembamba, na mstari wa supu uliokuwa bado unashuka.

"Mwenyekiti," Mkunga alisema kwa upole. "Kidevu."

Akatoa leso, akakumbuka ilichokuwa imebeba kule jikoni, akairudisha mfukoni haraka, akajifuta kwa kiganja. Hakuna aliyeuliza tena. Hakuna aliyecheka pia, ingawa Msusi alilazimika kuinama afunge kiatu kisichokuwa na kamba.

"Kiti kibaki," Mwenyekiti alisema. "Fundi, kaa."

Fundi alikwenda akakaa. Alikaa wima, mikono magotini, kama mtu aliyeitwa ofisini. Mazungumzo yakaanza upya, ya nani anapika safari ijayo, na kama samaki wa kukausha ni chakula au ni adhabu. Yeye alisikiliza. Hakujua bado wapi watu wanacheka.

Mwokaji, aliyekaa jirani, alimsogezea mkate. Baadaye kidogo akamwinamia.

"Mkeo alikuwa anavua viatu," alisema.

"Wapi?"

"Hapo. Akishakaa tu anavivua, anavisukuma chini ya meza, anakanyaga sakafu. Alisema tumbo halishibi kama miguu imefungwa. Kila safari, na kila safari alivitafuta wakati wa kuondoka, sisi sote chini ya meza na mshumaa. Hakukuambia?"

"Hakuniambia."

Fundi alitazama chini. Kisha akainama, akafungua kamba za viatu vyake, akavitoa kimoja kimoja.

"Na soksi?" aliuliza.

"Soksi alibaki nazo," Mwokaji alisema.

Akabaki nazo.